Kaka Yangu Aleta Ngoma Shuleni

12 Mei, Jumatatu

Muhula wa tatu umefunguliwa leo na bati la darasa la nne bado linavuja palepale. Madamu Philomena, mwalimu mkuu wetu, alituita walimu ofisini akiwa na furaha isiyo ya Jumatatu. Kuna mpango wa kuleta mafunzo ya ngoma na dansi za kwetu katika shule za msingi, na shule yetu ya Gbanzogu imechaguliwa kuanza. Kila Jumanne na Alhamisi baada ya mapumziko, darasa la tatu mpaka la sita, na mwisho wa muhula watoto watacheza Takai, dansi ya duara na fito, mbele ya chifu. Mpiga ngoma atatoka mjini Tamale.

Nikauliza ni nani. Madamu akavaa miwani, akasoma jina la kaka yangu Neindow.

Wenzangu wakanipongeza. Nami nikacheka kwa meno, roho ikiwa imeniruka. Madamu ni mtu wa mji wa Wa, si wa kwetu, hawezi kujua. Kwetu ni nyumba ya wapiga ngoma, na binti akizaliwa humo akaolewa nje, hurudisha mtoto mmoja nyumbani akapige ngoma. Hakuna anayekudai. Inajulikana tu, na wanasema usiporudisha, ngoma itamfuata mtoto yenyewe, ataumwaumwa mpaka umpeleke. Mimi nina mtoto mmoja tu, Wumpini, yuko darasa la nne. Sijamrudisha na sina nia hiyo. Neindow tulikaa naye benchi moja mpaka siku baba alipomtoa shule akisema mmoja wetu atasoma na mwingine atapiga. Nilikuwa napita na daftari langu nikimwona amevimba vidole kwa fimbo ya kufundishiwa. Mwanangu atasoma.

13 Mei

Nimemwambia Sumani. Mume wangu huyu haoni hatari hata ikimkalia mapajani. Kasema kaka yangu aje tu, mtoto mwenyewe hajui hata kubisha hodi. Sikucheka.

15 Mei, Alhamisi

Amekuja na baiskeli, ngoma mbili zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni kwa sababu ya mvua. Yeye ni mkubwa wangu, kwa hiyo nilichuchumaa kumwamkia palepale uwanjani, na watoto wakaguna kumwona mwalimu wao chini. Akaniuliza habari za mvua, za shamba, za mume, hata za kanga wangu. Mtoto hakumtaja. Nilitega sikio mpaka mwisho na hakumtaja.

Darasani aliomba majina, na kwa kuwa hasomi, nikamsomea daftari la mahudhurio. Alhassan Fuseini. Fuseini Alhassan. Alhassan Alhassan. Fuseini Yakubu. Yakubu Fuseini. Neindow akaiteremsha lunga, ile ngoma ya kubanwa ili izungumze, kutoka kwapani.

“Mwalimu,” akaniambia kwa heshima zote, “hawa ni watu au ni mwangwi?”

Darasa zima likaangua kicheko. Kisha akawaeleza kwamba yeye hawezi kumpigia mtu ngoma bila kujua anampigia nani. Mtu anapoingia kucheza, ngoma humwita kwa jina la sifa la babu yake, na huyo babu, awe hai au mfu, humtazama mjukuu akicheza. Basi kila mmoja aende nyumbani akaulize ametoka nyumba gani. Saa nzima ikaisha na hakuna aliyenyanyua mguu. Madamu akanitazama kwa jicho la kuuliza kama huyu ndiye mtaalamu wenyewe.

16 Mei

Mvua. Njia imezama, tumekuja walimu watatu na watoto tisa.

20 Mei

Watoto wamerudi na majibu. Karibu wote ni wajukuu wa machifu. Neindow aliwasikiliza mmoja mmoja bila kumkatiza mtu, kisha akauliza kwa upole ni nani basi alikuwa akiwalimia hao machifu.

Akasimama Napari, yule msichana wa darasa la tano asiyefunga mdomo, akasema babu yake alikuwa dereva wa lori, alipeleka viazi vikuu Kumasi. Wenzake wakamcheka. Neindow hakucheka. Alitazama dari kidogo, akaibana lunga, akapiga sentensi moja ndefu inayopanda na kushuka, kisha akaisema kwa mdomo ili wote waisikie: Barabara ni mbovu, na viazi vimefika. Napari akaingia katikati akazunguka na gauni lake la shule, kidevu juu.

Mpaka kengele ya mwisho inalia, darasa la tano lilikuwa na madereva sita.

22 Mei

Mabibi na mababu wameanza kuja shuleni. Mzee mmoja kaja na kofia yake nyekundu kulalamika kwamba mjukuu wake kapewa jina la upande mdogo wa ukoo. Bibi mwingine kaja kumkanusha huyo mzee. Wamekaa barazani mwa ofisi mpaka adhuhuri, na Neindow katikati yao anaamua kesi za watu waliokufa kabla shule haijajengwa.

“Mwalimu Tipagya,” Madamu akaniambia, “mimi niliomba dansi. Nimeletewa mahakama.”

27 Mei

Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa. Neindow amechagua watoto wanane wa kupiga ngoma. Aliwapitia wote, akawashika viganja, akawafanya wagonge madumu ya mafuta. Alipomfikia Wumpini nilisogea karibu. Akampita. Kamweka upande wa wachezaji, mwisho kabisa wa mstari, akampa fito zake za kugonganisha. Nimelala usingizi mzuri mchana huu kama mtu aliyelipwa.

29 Mei

Unyevu umelegeza ngozi, lunga inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Neindow amezianika ngoma karibu na moto wa jiko la shule, na mama mpishi amemfukuza na mwiko akisema wali utanuka mbuzi.

3 Juni

Napari ni mmoja wa wale wanane. Nilimuuliza Neindow tangu lini msichana akapiga lunga. Akajibu kwamba nyumbani kwao hapigi, ila juu ya lango hili wameandika shule, naye aliambiwa shuleni kila mtoto hufundishwa. Hayo ni maneno yangu mwenyewe niliyowahi kumwambia baba.

5 Juni

Anafundisha vizuri, sina budi kukiri. Hapigi mtoto. Mkono ukikosea anaushika kifundoni, anapiga nao, kisha anauachia taratibu kama anayemfundisha mtu baiskeli. Na kabla ya ngoma huwasemesha kwa mdomo, mpaka sasa watoto wanasema midundo hata wakiwa kwenye foleni ya chakula. Takai yenyewe imeanza kuonekana. Duara linazunguka, kila mmoja anageuka kumgongea wa mbele, anageuka kumgongea wa nyuma, na vidole vichache tu vinaumia.

Wumpini alimwamkia, “Mjomba.” Akaitikia, “Naa,” akaendelea kukaza kamba za ngoma ya mtoto wa watu.

10 Juni

Mvua, na kokwa za shea za kuokota. Mwanamke gani ana nafasi ya kuandika.

12 Juni

Niandike ukweli nijicheke mwenyewe. Mimi niliyekuwa tayari kulala mlangoni mwanangu asichukuliwe, leo nimekwenda kumgombeza kaka yangu kwa kutomchukua.

Nilimkuta chini ya paa la jiko akikausha ngoma, mpishi akiwa amekwenda sokoni. Nikamuuliza kama mwanangu ana ukoma. Watoto wa watu anawashika mikono, anawatania, anawapa majina, ila mpwa wake wa damu anampita kama nguzo.

“Ulitaka nimguse?” akaniuliza.

“Sikutaka.”

“Basi nimefanya ulichotaka, na bado nimekosea.”

Akaniambia kwamba baba alimwita kabla hajaja. Alimwonya asiombe mtoto, asidokeze, asimtazame hata kwa jicho la kuomba. Baba amesema mtoto wa kuombwa hupiga ngoma ya kuombwa. Sikujua kwamba baba anaweza kusema neno kama hilo, yule yule aliyemtoa mtu shule bila kumuuliza.

Kisha Neindow akakuna kichwa. “Na tena, mdogo wangu, unisamehe. Mtoto wako hana mkono. Nimemtazama akigonga dawati. Anagonga kama mtu anayefukuza kuku.”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi yangu sisi wawili kucheka pamoja. Njiani nikirudi darasani kicheko kikanitoka chote. Nilikuwa nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na kipi.

13 Juni

Nimempa Wumpini sufuria na mwiko. Kaka yangu hakusema uongo.

24 Juni

Balaa. Wakati wa mapumziko wavulana wawili wa darasa la sita walibishana babu wa nani ni mkubwa. Maneno yakaisha, fito za Takai zikaanza, na mmoja amepasuka juu ya jicho. Kashonwa zahanati, ni mzima, ila baba yake alikuja akiwa amepandwa na mori. Madamu akatoa amri papo hapo: mafunzo yaendelee, majina yakome. Siku ya kufunga shule watoto watacheza tu, hakuna kuitwa mtu.

Neindow alimsikiliza amesimama, mikono nyuma. Akamjibu kwamba yeye anaweza kumpigia mtu bila malipo, na anaweza kumpigia mtu bila mvua kukatika, ila hawezi kumpigia mtu bila jina, kwa sababu hapo atakuwa anapiga ngozi tu. Akazifunga ngoma kwenye mifuko yake, akapanda baiskeli. Watoto walimfuata mpaka kwenye daraja. Mimi nilibaki barazani na sikujua nimkasirikie nani.

26 Juni

Hakuja.

1 Julai

Hakuja. Watoto wanapiga madumu nyuma ya vyoo, na kila mmoja anamwita mwenzake jina la babu yake kwa mdomo. Yule mwenye nyuzi juu ya jicho ndiye aliyekuwa akimwita kwa sauti kubwa yule aliyempasua.

2 Julai

Nimekwenda ofisini bila kuitwa. Nilimwambia Madamu kwamba jina la ngoma si la kujivunia, ingawa wapumbavu huligeuza hivyo. Ukiitwa, unanyooka. Kuna mtu nyuma yako anakutazama, huwezi kucheza ovyo. Nilishangaa kujisikia nikiyasema hayo, mimi niliyekimbia nyumba ile. Madamu akauliza kama inawezekana kila mtoto apigiwe jina moja, moja tu, la urefu uleule, mjukuu wa chifu na wa dereva wawe sawa, asiwepo wa kujipimia na mwenzake.

Jioni nikapeleka salamu hizo Tamale kwa simu ya Sumani.

“Chifu na dereva sawasawa?” Neindow akauliza. “Chifu mwenyewe atakuwepo. Ataudhika.”

Nikamwambia kwamba ataudhika akiwa amekaa. Akacheka, na nikajua atakuja.

3 Julai

Amekuja. Watoto walimpokea baiskeli, wakaisukuma wenyewe hadi kwenye mwembe anakoiegesha, kila mmoja akiwa ameishika kidogo.

8 Julai

Leo wakati wa mazoezi ndipo nilipogundua nilichojifanyia. Jina moja kila mtoto. Na Wumpini je? Kwa baba yake ni mjukuu wa wachinjaji, kwangu ni mjukuu wa wapiga ngoma. Siku zote mtu hupigiwa la kwa baba na la kwa mama na hakuna anayehesabu. Sasa nimeomba mwenyewe liwe moja. Neindow akimpigia la nyumba yetu mbele ya chifu na mji mzima, na baba akiwa ameketi pale, mtoto ameshadaiwa hadharani, na hakuna mwenye mdomo wa kukana ngoma.

Sumani anasema si umuulize tu kaka yako. Siwezi. Nikimuuliza, itabidi nimwambie ninachotaka.

15 Julai

Kanga wametaga. Watoto wameshika mgeuko wa pili. Sijauliza.

22 Julai

Mazoezi ya mwisho. Neindow hakuwaita majina, amesema majina si ya mazoezi. Sijauliza.

25 Julai, Ijumaa

Nimechoka na miguu inaniuma, ila nitaandika kabla sijala.

Asubuhi kulikuwa na wingu zito upande wa mashariki. Mpishi, yule yule wa mwiko, ndiye aliyeziweka ngoma karibu na moto wake mwenyewe na kukaa kuzigeuza. Saa tatu wingu likapita pembeni. Chifu akafika na wazee wake, viti vikapangwa chini ya turubai, na wazazi wakajaa mpaka kwenye mashamba ya mahindi. Baba aliletwa na pikipiki ya magurudumu matatu. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wapiga ngoma, mgongo umepinda, macho kwenye mikono yake. Nilichuchumaa kumwamkia. Akaniuliza habari za kazi, akaishia hapo.

Watoto walivaa mashati ya kufumwa ya baba zao, yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Takai ilianza polepole, fito zikigongana kwa pamoja, na mimi mwenyewe sikuamini kwamba hawa ndio walionipigia kelele muhula mzima. Kisha duara likasimama, na Neindow akaanza kuita. Mmoja aliingia, akapigiwa jina lake, akazunguka, akarudi. Mjukuu wa chifu alipata urefu uleule wa mjukuu wa mshona viatu, na chifu akamwinamia mzee wake sikioni. Napari aliweka ngoma chini akaitwa. Barabara ni mbovu, na viazi vimefika. Chifu alicheka kwa sauti, akapiga goti kwa kiganja.

Wumpini akaingia.

Neindow alinyanyua macho, akanitazama mimi. Muhula mzima hakuwa amenitazama hivyo. Kisha akaibana lunga akapiga: Nyama ya mmoja haishibishi mji. Hilo ni jina la baba yake Sumani, mchinjaji. Sumani alipiga ukelele kule alikosimama. Mwanangu akazunguka, akakosea mguu, akagonga fito ya jirani yake isiyomhusu, akacheka, akarudi mahali pake.

Nilikuwa nimeshinda. Nilichokiogopa tangu siku mwanangu alipozaliwa kilikuwa kimepita, tena kwa heshima. Nikamtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitikia mdundo kwa kidole kwenye mkeka kama kawaida, hana kinyongo. Kaka yangu alikuwa amempa kila mtoto wa Gbanzogu babu yake, hata waliokuwa hawamjui, na babu yetu sisi alikuwa amemficha ili mimi nipate raha. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona, na wivu ndani yake, wivu wa kumwonea mtoto wa dereva.

Nikavua viatu. Madamu aliniuliza naenda wapi. Nikaingia katikati ya duara na gauni langu la sherehe nikasimama.

Mpiga ngoma hana hiari mtu akishaingia. Ni lazima amwite. Neindow alinitazama, akapiga jina la babu yangu: Mto mdogo nao una chanzo chake. Sikuwa nimelisikia tangu harusi. Alipolirudia mara ya pili nikasikia ngoma nyingine imelipokea kwa chini, ya mkono mzito usio na haraka. Baba alikuwa amechukua lunga ya aliyekaa karibu naye. Nikacheza. Sijui nilicheza vipi, najua tu kwamba nilinyooka mgongo, na wanawake wakapiga vigelegele, na wanafunzi wangu wakapiga kelele, “Mwalimu!” mpaka wakaambiwa wanyamaze.

Nilipotoka, Wumpini alikuja akanishika gauni. Akataka kujua lile jina ni la nani.

“La babu yangu. Baba wa babu yako yule pale.”

“Mbona mimi sikupigiwa?”

“Ulipigiwa la kwa baba yako.”

Akafikiri, fito zake kifuani. “Kwani mtu akiwa na mawili anaharibika?”

Madamu alikuwa karibu, nikajua amesikia. Nikamgeuza mabega, nikamwambia arudi kule kati, na mjomba wake akiuliza kaamriwa na nani aseme mama. Akaenda. Neindow hakumuuliza kitu, alinitazama mimi tu juu ya vichwa vya watu, na nikaitikia kwa kichwa. Ngoma zote mbili zikaanza kwa pamoja. Mwanangu alicheza vibaya kuliko mara ya kwanza, na baba hakumwondolea macho mpaka alipomaliza.

Madamu akaninong’oneza kwamba tulikubaliana jina moja. Nikamwambia tutalijadili muhula ujao.

26 Julai

Shule imefungwa. Wumpini ameomba akalale kwa babu yake siku mbili, anataka kusikia majina mengine. Nimemfungia nguo za wiki.